Skrubu Mbili za Besi



Mhariri aliniomba niandike habari za bendi yetu ya shule. Nimechagua kitu kimoja kidogo katika bendi ile, yaani pikapu ya gitaa la besi. Siyo gari la kubebea mizigo. Ni kile kisanduku chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi.

Zamani kazi ya besi ilifanywa na fidla kubwa ya kusimama wima, yenye kuzidi kimo cha mtu. Kuibeba kulikuwa taabu, na sauti yake ilimezwa na ngoma na matarumbeta. Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, aliuza besi ya umeme katika miaka ya 1930, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, aliyoitoa mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass, maana yake besi ya usahihi, kwa kuwa vyuma vya shingoni vilimwonyesha mpigaji mahali hasa pa kubana uzi.

Sauti yake hutokana na kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, ambayo ninyi vijana mnafundishwa katika fizikia. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, nayo amplifaya huukuza. Mwaka 1957 Fender aliigawa pikapu vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene na kingine cha nyuzi mbili nyembamba. Kila kipande hushikwa na skrubu mbili, na ukizizungusha kinapanda au kushuka.

Hapo ndipo penye siri. Pikapu ikisogea karibu na nyuzi, sauti huwa kubwa na kali. Ikizidi kukaribia, sumaku huuvuta uzi, sauti ikayumba na kufa upesi. Ikishuka, sauti hulainika na uzi huimba muda mrefu, ila nguvu hupungua. Ukibana uzi kwenye chuma cha mwisho, nafasi ya kuanzia ni kama milimita 3.2 upande wa nyuzi nene na 2.4 upande wa nyuzi nyembamba. Kisha zungusha robo robo, ukisikiliza.

Sisi hatukuyajua hayo. Besi yetu ilinguruma vibaya katika uzi mnene, nami nikiwa kiongozi wa bendi nilisema mpigaji ana mkono mzito. Tukamwondoa. Aliyeshika nafasi yake akatoa mngurumo uleule! Fundi mmoja wa mjini alichukua bisibisi, akashusha pikapu kidogo, na besi ikatulia. Mwenzetu hatukumrudisha, wala hatukumwomba radhi, kwa kuwa tuliona haya.

Kama anasoma gazeti hili, namwomba radhi leo. Nanyi vijana, chombo kikitoa sauti mbaya, kikagueni kwanza kabla ya kumhukumu aliyekishika.