Pumzi ya Usiku: Safari ya Barakoa kutoka Sydney hadi Rockville

Aliyewahi kulala chumba kimoja na mkoromaji anaujua ule muda wa kutisha. Mkoromo unakatika ghafla, kimya kinatanda, kisha aliyelala anashtuka akitweta kama mtu aliyeibuka majini. Vizazi kwa vizazi watu walidhani huo ni uzito wa usingizi tu. Leo unajulikana kuwa ni ugonjwa: apnia ya usingizi, yaani kukatika pumzi mtu akiwa amelala. Misuli ya koo hulegea, kaakaa laini na shina la ulimi huziba njia ya hewa, na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hugutuka, mgonjwa huvuta hewa, kisha mambo huanza upya. Zikikatika mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa watu wazima milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 wanao ugonjwa huu duniani, wengine kwa kiwango chepesi, wengine kwa kiwango kikali.

Tiba yake kuu ni mashine ya CPAP, ambayo husukuma hewa kwa shinikizo la kudumu kupitia mrija na barakoa ili koo lisizibe. Kanuni ya shinikizo hilo ilithibitishwa mapema. Kilichowasumbua wagonjwa, madaktari na watengenezaji kwa zaidi ya miaka 40 ni ile barakoa inayogusa uso. Sehemu kubwa ya historia hiyo imepita Rockville, makao makuu ya Kaunti ya Montgomery katika jimbo la Maryland, kaskazini-magharibi mwa Washington.

Kutoboa koo ili kulala

Mwaka 1956 madaktari wa Boston walieleza hali ya watu wanene waliokuwa wakisinzia mchana kutwa, wakaipa jina la riwaya ya Charles Dickens yenye kijana mnene asiyeisha kusinzia. Wao walidhani kiini chake ni unene. Mwaka 1965 watafiti wa Marseille, Ufaransa, na wenzao wa Freiburg, Ujerumani, kila kundi kwa upande wake, walipima pumzi za wagonjwa usiku na kugundua kwamba zilikuwa zikikatika. Hapo ndipo ilipofahamika kuwa ugonjwa huja na usingizi wenyewe.

Tiba ya kwanza iliyofaa ilikuwa ya kisu. Mwaka 1969 madaktari wa Ujerumani walieleza jinsi walivyotoboa tundu kwenye koo, chini ya mahali panapoziba, ili hewa ipite. Mgonjwa alirudishiwa usingizi wake, lakini akabaki na bomba shingoni, sauti iliyobadilika na kidonda cha kutunza maisha yake yote. Wengi walikataa, na ni vigumu kuwalaumu.

Usiku wa Sydney

Mmoja wa waliokataa alikuwa fundi wa ujenzi aliyekuwa akitibiwa katika Hospitali ya Royal Prince Alfred, Sydney, mwaka 1980. Daktari wake, Colin Sullivan, alikuwa amefanya utafiti Toronto pamoja na Eliot Phillipson, na huko alijifunza kutengeneza barakoa za kuvalishwa mbwa waliochunguzwa wakiwa usingizini. Alimwomba fundi yule akubali jaribio moja: hewa isukumwe puani kwa mota, usiku kucha.

Wazo la shinikizo la kudumu lilikuwa tayari limetumika kwa watoto. Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alichapisha matokeo ya kulitumia kwa vichanga wenye mapafu machanga. Mashine rahisi za kanuni hiyohiyo leo huokoa njiti katika wodi za Malawi, Kenya na Tanzania. Sullivan alilipeleka wazo hilo kwa mtu mzima, na kwa sababu nyingine: hewa izuie koo lisianguke. Shinikizo lilipopanda kiasi cha kutosha, pumzi zilitulia. Lilipopunguzwa, koo liliziba tena. Mgonjwa alilala usingizi mzito aliokuwa ameukosa kwa miaka mingi. Aprili 1981, matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza.

Hata hivyo, wagonjwa wa mwanzo waliokwenda na mashine nyumbani walilipa gharama kubwa ya usumbufu. Pua ya kila mmoja ilichukuliwa nakala kwa plasta, kisha barakoa ya faibaglasi ikafinyangwa kwa umbo lake. Kila usiku aliibandika usoni kwa gundi ya silikoni, na kila asubuhi aliibandua. Mota ilikuwa kubwa na yenye kelele. Walivumilia kwa sababu walikuwa wamejua ladha ya usingizi.

Mafaili ya Rockville

Mwaka 1985 kampuni ya Respironics ya Pennsylvania ilianza kuuza mashine na barakoa za kutengenezwa kiwandani. Mwaka 1989, huko Sydney, Peter Farrell na wenzake walianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa ResMed. Gundi ikaachwa. Zikaja barakoa za silikoni laini zenye mikanda, vijimto vidogo vya kuingia kwenye matundu ya pua, na barakoa za kufunika pua na mdomo kwa wanaolala midomo wazi. Zikafuata hewa yenye joto na unyevu kwa wanaokaukwa na pua, na mashine zinazobadilisha shinikizo zenyewe kadiri koo linavyohitaji.

Kifaa cha aina hii hakiwezi kuuzwa Marekani bila kupita katika Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, iliyopewa rungu juu ya vifaa vya tiba na sheria ya mwaka 1976. Kwa miaka mingi makao ya mamlaka hiyo yalikuwa Rockville, katika jengo la Parklawn mtaa wa Fishers Lane, na ofisi ya vifaa vya tiba ilipokea mafaili katika barabara ya Corporate Boulevard mjini humohumo, kabla ya kuhamia White Oak, Silver Spring, katika kaunti hiyohiyo. Njia iliyotumika zaidi ni ya ulinganisho: kampuni inathibitisha kuwa kifaa kipya ni salama na kinafanya kazi sawa na kilichokwisha ruhusiwa. Ni njia yenye maana. Lakini swali la mgonjwa, kama ataweza kulala nacho mwaka mzima, halikuwa kiini chake.

Saa zinahesabiwa

Swali hilo liliibuliwa na walipaji. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kulipia CPAP mwaka 1987. Baadaye iliweka masharti: ili malipo yaendelee, mgonjwa atumie mashine angalau saa nne kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 mfululizo, ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mashine zenyewe zikaanza kurekodi saa na kutoa taarifa.

Rekodi hizo zilifichua jambo zito. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 2,717 waliokuwa na apnia pamoja na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, halikuonyesha kuwa CPAP inazuia mshtuko wa moyo au kiharusi. Lakini washiriki walivaa barakoa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Wakala wa serikali unaochambua ubora wa tiba, AHRQ, ambao makao yake yapo Fishers Lane hapohapo Rockville, ulihitimisha mwaka 2011 kuwa mashine hupunguza kusinzia na kukatika kwa pumzi. Uchambuzi wake wa mwaka 2022 haukukuta katika majaribio ushahidi wa kutosha kuwa inabadilisha matokeo ya muda mrefu kama vifo. Haiwezekani kusoma taarifa hizo kwa haki bila kuuliza ni mara ngapi barakoa ilikuwa imelala mezani.

Sponji na sumaku

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips, iliyokuwa imeinunua Respironics mwaka 2008, ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine. Ndani yake mlikuwa na sponji ya kupunguza kelele na mtikisiko. Sponji hiyo iliweza kuoza, chembe na gesi zake zikavutwa na mgonjwa. Watu walibaki njia panda: waache mashine na pumzi zikatike, au waendelee kuvuta hewa wasiyoiamini. Aprili 2024 kampuni ilibanwa na makubaliano ya mahakama yaliyoizuia kuuza mashine mpya za usingizi Marekani mpaka itimize masharti.

Septemba 2022 kulikuwa na onyo lingine, safari hii kwa barakoa zaidi ya milioni 17 zenye vibanio vya sumaku. Sumaku zilirahisisha kuvaa na kuvua gizani, lakini zingeweza kuvuruga vifaa vya metali vilivyopandikizwa mwilini, kikiwamo kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, cha mgonjwa mwenyewe au cha anayelala karibu naye.

Sponji iliwekwa kwa ajili ya utulivu, na sumaku kwa ajili ya wepesi. Mambo yote mawili ni haki ya mgonjwa, na yote mawili yaliletwa bila kupimwa vya kutosha. Starehe ilichukuliwa kama pambo la kifaa, ilhali ndiyo inayoamua kama tiba itatumika, na kwa hiyo ilistahili kuchunguzwa kwa ukali uleule.

Njia nyingine zimefunguka. Mwaka 2014 FDA iliruhusu kifaa cha kupandikizwa kinachoamsha neva ya ulimi, na Desemba 2024 iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa wagonjwa wanene wenye apnia ya kati au kali. Hata hivyo, kwa wengi CPAP bado ndiyo tiba ya kwanza.

Kwa hiyo anayepewa mashine, awe Rockville, Nairobi au Dar es Salaam, adai haki yake. Ajaribu barakoa akiwa amelala chali na ubavu, hewa ikiwa imewashwa, si akiwa ameketi kwenye kiti cha kliniki. Aonyeshwe zaidi ya aina moja. Mwenye ndevu, misuko au anayelala na kilemba aseme mapema, kwa kuwa mkanda ukiteleza hewa huvuja. Mwenye kifaa cha metali mwilini aulize kuhusu sumaku. Na daktari akisoma rekodi ya saa mbili kwa usiku, aanze kuikagua barakoa kabla ya kumkemea mgonjwa.