Wivu Uliotubiwa Gahini

Kwenye ushirika wetu tunajuana: mmoja anakuja ibadani na gari lake, mwingine amepanda bodaboda kwa hela ya kukopa. Huyu wa pili akiuliza jambo kuhusu sadaka, upesi anaambiwa, "Wewe una wivu." Neno hilo tunalitumia vibaya. Twende pamoja nyuma kidogo, kwa wazee wa Uamsho.

Tuanzie Buganda, mwaka 1900. Mkataba kati ya Waingereza na wakuu wa Buganda uligawa ardhi. Kabaka, machifu na watu wakubwa wapatao 1,000 walitengewa maili za mraba kama 8,000, ndiyo maana mpaka leo ardhi hiyo inaitwa mailo. Mkulima wa kawaida akajikuta mpangaji pale pale alipolima baba yake. Na wengi wa machifu hao walikuwa waumini wenzake! Kanga zetu husema hasidi hana sababu. Huyu mkulima, ndugu yangu, alikuwa nayo.

Ni katika tabaka hilo la wenye ardhi ndiko Mungu alikomwita Simeoni Nsibambi, mtoto wa chifu, aliyekuwa amefanya kazi idara ya afya ya serikali. Mwaka 1929 alikutana na daktari mmisionari Joe Church pale Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Zama zile, Mwafrika na Mzungu kukaa hivyo, kila mmoja akikiri upungufu wake, lilikuwa jambo geni. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini, Rwanda, alikohudumu Church. Huko moto ukawaka miaka ya 1930, ukavuka hadi Burundi, Bukoba na Kenya bila pasipoti.

Sasa angalia walichotubu. Waafrika walisimama wakakiri kwamba waliwachukia wamisionari moyoni huku wakiwachekea usoni. Waliokuwa wameiba wakarudisha. Lakini haikuishia hapo. Baadhi ya wamisionari nao walisimama, wakatubu kiburi cha rangi mbele ya watu waliozoea kuwaamuru. Kama angeambiwa maskini peke yake atubu wivu, na mkubwa amekaa anasikiliza tu, mimi nisingeuita Uamsho.

Na Biblia yenyewe iko hivyo. Katika Zaburi ya 73 Asafu anakiri wazi kwamba aliwaonea wivu wenye kiburi waliofanikiwa, nusura ateleze. Mungu hakumfunga mdomo. Manung'uniko yake yakawa wimbo wa ibada. Halafu hesabu wenye wivu wengine. Sauli, mfalme, alimwonea wivu kijana mchunga kondoo. Ahabu, mfalme mwenye jumba lake, alilala kitandani amesusa chakula kwa ajili ya shamba la mizabibu la jirani. Nabothi akauawa kwa barua zenye mhuri wa mfalme. Wivu wa mnyonge humla yeye mwenyewe. Ule wa mkubwa una mhuri. Ajabu ni kwamba mahubiri ya wivu karibu yote tunawapiga nayo walio chini.

Mambo haya yalipimwa kwa damu Kenya ya kati kuanzia 1952. Wakikuyu wengi walikuwa wamepoteza ardhi kwa walowezi. Hasira ile sio kijicho. Wapendwa wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa. Wengi walikataa vilevile kushika silaha za serikali, kwa hiyo hawakuaminiwa na upande wowote. Nawaheshimu sana. Ila kuna jambo naona waliliacha njiani: walihubiri kuisafisha mioyo, lakini kuhusu shamba lililochukuliwa walisema kidogo mno. Wajukuu wao bado wanaulizana nani alipataje shamba lipi, na wengine wanaulizana wakiwa wamekaa benchi moja kanisani.