Mapenzi, Shule na Sheria: Historia Fupi kutoka Ngara na Biharamulo

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, maelezo yaleyale hurudi katika vikao vya wazazi na vya madiwani: watoto wamefeli kwa sababu ya mapenzi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanadumu. Mwanafunzi ambaye akili yake iko kwa mpenzi haisikii hesabu inayofundishwa ubaoni. Lakini tukiishia hapo tunakuwa tumetaja dalili na kuuacha ugonjwa. Swali ninalotaka tulijadili ni la kihistoria. Tangu lini mapenzi ya kijana wa miaka 16 yakawa tatizo la shule? Na ni nani aliyeamua kwamba mzigo wake ubebwe na mmoja kati ya wawili? Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinatusaidia kulijibu kwa sababu mambo mengi yaliyoitikisa elimu ya Tanzania yalipita huko kwa nguvu za pekee.

Tuanze na umri wenyewe. Kwa Wahangaza na Washubi wa Ngara, na kwa Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za ukanda wa Maziwa Makuu, binti wa umri huo hapo zamani alikuwa mchumba au mke. Hisia zake hazikugombana na ratiba ya masomo kwa kuwa ratiba hiyo haikuwapo. Wazazi na mashangazi ndio waliosimamia njia ya kutoka utotoni hadi ndoani. Tusiupambe utaratibu huo. Mara nyingi hiari ya binti ilihesabiwa kidogo, na mimba kabla ya ndoa ilikuwa aibu iliyomwangukia yeye kwanza. Shule za misheni zilipofika zilichukua watoto wachache, wengi wao wavulana, na hazikubadili maisha ya walio wengi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na taifa huru. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji wake ukafikia kilele Novemba 1977. Vijijini watoto wengi walianza shule wakiwa wamechelewa, hivyo ilikuwa kawaida kumkuta msichana wa miaka 15 au 16 akiwa darasa la saba. Kwa mara ya kwanza umati wa vijana waliokwisha kubalehe, wa kike na wa kiume, uliketi katika chumba kimoja na kupewa hadhi mpya: mwanafunzi. Jambo ambalo kwa dada zao wakubwa lilikuwa hatua ya maisha, kwao likawa kosa la nidhamu. Ujana wenyewe haukubadilika. Kilichobadilika ni jina tulilompa kijana na mahali tulipomweka.

Sheria hazikuendana na mabadiliko hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Sheria ya Elimu ilitungwa mwaka 1978, na desturi ya kuwaondoa shuleni wasichana wajawazito ikazoeleka. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ikatamka kwamba kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akiridhia, lakini ikambagua aliyekwisha kuolewa. Kisha kanuni za mwaka 2002 zikaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa. Hazikutaja mimba kwa jina, lakini wakuu wa shule walizisoma kana kwamba zimeitaja. Kwa hiyo, katika kijiji kimoja, msichana wa miaka 15 aliweza kuwa mke halali, na jirani yake wa umri uleule akafukuzwa shule kwa kuwa na mpenzi. Dola iliwaambia watoto wawili wa rika moja mambo mawili yasiyopatana.

Wakati sheria hizo zikijengwa, Kagera ilipata pigo jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Mapenzi ya ujana yakaanza kuzungumzwa kwa lugha ya kifo, na mazungumzo yakawa vitisho zaidi kuliko mafunzo. Pigo la kielimu lilikuja pia kwa njia ya uyatima. Utafiti wa muda mrefu wa kaya za Kagera, ulioanza mwaka 1991, uliwafuatilia watoto hao hadi utu uzima na kuonyesha kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipoteza takriban mwaka mmoja wa masomo. Msichana asiye na mama, asiye na sare wala daftari, anapompata mtu wa kumnunulia sabuni na kumwita mpenzi, hapo jina la mapenzi linafunika uhitaji.

Likaja tukio la 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu zaidi ya 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii, na wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Baadhi ya walimu waliacha vipindi na kwenda kufanya kazi katika mashirika ya misaada, yaliyolipa vizuri zaidi. Fedha, magari na wageni vilijaa mahali palipokuwa kimya. Wengi wa Wanyarwanda hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini athari zilibaki. Mchumi Javier Baez, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011, alionyesha kwamba watoto wa Kagera waliokulia karibu na kambi walisoma kwa muda mfupi zaidi na uwezo wao wa kusoma na kuandika ulishuka. Mapenzi hayakuwa chanzo cha hali hiyo. Shule ilikuwa imedhoofika kabla kijana hajampenda mtu yeyote.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyozaa hali tunayoilalamikia leo. Kati ya 2004 na 2009, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka takriban 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Nyingi zilikuwa shule za kata, za kutwa, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Lilikuwa jambo la kujivunia, kwani mtoto wa mkulima wa migomba alipata kidato cha kwanza bila kupelekwa Bukoba au Mwanza. Ila kata za Ngara na Biharamulo ni pana, na madarasa yalijengwa kabla ya mabweni. Mwanafunzi anayeishi mbali anatembea saa kadhaa kila siku, au anapangishiwa chumba karibu na shule, kile ambacho vijana hukiita geto. Humo anaishi bila mzazi, anajipikia, na anategemea fedha zinazofika kwa kusuasua. Barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi inapita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, na biashara za usiku zimeota kandokando yake. Uchimbaji wa dhahabu nao huleta wanaume wenye fedha za haraka. Tumemweka mtoto wa miaka 15 peke yake katika mazingira hayo, kisha tunashangaa kwamba ana mpenzi.

Sasa tunaweza kuuliza kwa usahihi: mapenzi yanashushaje ufaulu? Naona njia tatu, na inafaa zitenganishwe. Ya kwanza ni ya moyo: usingizi unaopungua, wivu, ugomvi, maumivu ya kuachwa. Huwapata wavulana kwa wasichana, na mara nyingi hupita kama mwanafunzi ana mtu mzima wa kuzungumza naye. Ya pili ni ya adhabu: viboko, kusimamishwa masomo, kutangazwa mstarini mbele ya wenzake. Mwanafunzi aliyeaibishwa hivyo huanza utoro, na utoro huo ukaandikwa kama tunda la mapenzi ilhali ni tunda la aibu. Ya tatu ni mimba, na hapo ndipo usawa unapokwisha kabisa. Mvulana anaweza kubadili shule. Mtu mzima aliyehusika anaweza kumalizana na familia pembeni, kwa fedha au ng'ombe. Msichana hana pa kujificha, kwa kuwa ushahidi anao mwilini.

Kwa miaka mingi dola ilijibu kwa ukali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Kenya ilikuwa imeruhusu wasichana hao kurudi tangu 1994, na Zanzibar tangu 2010. Tanzania Bara ilibadili msimamo tarehe 24 Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, wanaweza kurejea.

Je, ukali ulizuia mapenzi? Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 22. Si haki kusema kwamba kushuka huko kumetokana na waraka wa 2021, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba kufukuza watoto ndiko kulikokuwa kukiwalinda. Wala mafundisho ya darasani peke yake hayatoshi. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwaka 1998 katika mkoa jirani wa Mwanza, Geita ikiwamo wakati huo, uliwaongezea wanafunzi maarifa na kubadili mitazamo yao. Hata hivyo haukupunguza mimba wala maambukizi ya VVU. Kijana alijua alichopaswa kufanya, ila mazingira yake hayakubadilika.

Historia hii inawahusu wasomaji wangu kwa namna tofauti. Kwa mtumishi wa halmashauri, bweni la wasichana katika kata ya mbali ni sera ya ufaulu sawa na kitabu cha hesabu, na mpango wa bajeti uliseme hivyo. Kwa mkuu wa shule, waraka wa 2021 unaishi au kufa mezani pake, siku mama mdogo anapokuja na mzazi wake kuomba nafasi na kuambiwa arudi wiki ijayo. Kwa mwanaharakati, neno mapenzi lichunguzwe kila linapotumika. Kati ya wanafunzi wawili wa rika moja huenda ndilo neno sahihi, na dawa yake ni malezi. Kati ya mtoto na mtu mzima mwenye fedha au mamlaka ni jina la heshima kwa kosa la jinai, na mahali pake ni mahakamani, si katika kikao cha kumalizana. Na kwa wanafunzi: kupenda hakujamfanya yeyote kati yenu kuwa mjinga wala mhalifu, ila mtihani una tarehe yake na hausubiri moyo utulie.

Wazee wetu waliamua wenyewe lini kijana yuko tayari kwa ndoa, nasi tumeamua abaki shuleni zaidi. Uamuzi huo ni mwema. Aliyeufanya ni sisi, watu wazima, na ndiyo maana gharama zake haziwezi kuendelea kuandikwa kwenye jina la binti mmoja katika daftari la mahudhurio, kwa kalamu nyekundu.