Pumu ya ngozi na mtoto asiyetulia darasani: vinahusianaje?

Tukizungumzia ngozi hewani, swali hili halikosi: "Mtoto wangu ana pumu ya ngozi, na mwalimu analalamika kuwa hatulii. Je, ni ugonjwa mmoja?"

Si ugonjwa mmoja. Pumu ya ngozi hukausha ngozi, ikawasha na kupasuka, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Haiambukizi. Tatizo la kukosa umakini na utulivu, ambalo madaktari huliandika ADHD, linahusu ubongo: mtoto hamalizi alichoanza, husahau alichotumwa, hujibu kabla swali halijaisha.

Hata hivyo, mawili haya hukutana kwa mtoto mmoja mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watoto 1,436 wa miaka 6 hadi 17 wenye pumu ya ngozi, wakilinganishwa na wengine 1,436 wasio nayo. Wenye ADHD walikuwa asilimia 5.2 kwa kundi la kwanza na asilimia 3.4 kwa la pili. Mzazi, usiogope: katika kila watoto 100 wenye pumu ya ngozi, karibu 95 hawakuwa na ADHD.

Sababu moja inayotajwa sana ni usingizi. Mwasho huzidi usiku. Mtoto hujikuna, huamka, hulala tena, huamka. Na mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie kesho yake. Wengine huhangaika, hukasirika upesi na kushindwa kusikiliza. Mwalimu huona utundu, fimbo inatoka. Fimbo haiondoi mwasho.

Kwa hiyo anza na ngozi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali wala manukato, kisha mpake mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Mkate kucha. Dawa ya kupaka yenye steroidi aliyoandikiwa kliniki itumike kama alivyoelekezwa. Ya kuogopa ni tyubu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kiholela, kwani baadhi zina steroidi kali. Piriton nayo humlaza mtoto, lakini haitibu pumu ya ngozi, na anaweza kuamkia darasani na usingizi.

Ngozi ikitulia, analala vizuri, lakini hali ile inaendelea nyumbani na shuleni pia kwa miezi sita au zaidi, omba rufaa akapimwe. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki mbili ameamka mara ngapi kila usiku na mwalimu alisema nini siku hiyo. Daftari la shule linatosha, na mganga atapata pa kuanzia.