Miombo Hufukiza, Haichafui

Mwezi wa tisa, miombo ya upande wa Kisenge na Dilolo, mkoani Lualaba nchini Kongo, huchipua majani mekundu kabla mvua haijaanza, na huku pori bado linaungua. Majani hayo yakishakomaa kidogo na jua likapanda, gesi ya isopreni huanza kutoka. Katika maandishi mengi ya Kiswahili yanayohusu hewa na tabianchi, jambo hilo hupewa jina moja na linalotoka kwenye bomba la lori linalobeba shaba: "uzalishaji wa hewa chafu". Eti mti wa miombo nao unazalisha hewa chafu! Tafsiri hiyo ni kosa, na imevumiliwa mno.

Ilivyozaliwa si siri. Wafasiri walianza na viwanda na magari, na huko kifungu hicho kilifaa. Walipofika kwenye jani hawakusimama kufikiri, wakaburuta kifungu kilekile. Zipo kamati ambazo ziko radhi kuidhinisha maneno manne yenye kosa kuliko kuliamini neno moja lililo sahihi, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuzistahi katika hilo.

Kosa lenyewe lina historia ya kisiasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ronald Reagan alizua mzozo Marekani kwa madai kwamba miti huchafua hewa kuliko magari. Wanasayansi walilazimika kueleza kwamba ni kweli miti hutoa hidrokaboni nyingi, isopreni ikiwamo, ila kutoa si kuchafua. Msomaji wa Kiswahili amenyimwa tofauti hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa hukumu imo ndani ya istilahi.

Isopreni ina kaboni 5 na hidrojeni 8, na mimea ya dunia hutoa takriban tani milioni 500 kila mwaka. Ikishatoka haidumu. Radikali ya hidroksili, inayotokana na ozoni, mwanga wa jua na mvuke wa maji, huivamia kwa muda wa saa moja au mbili tu mchana, kisha oksijeni hujishika kwenye mabaki. Hapo njia hugawanyika. Palipo na oksidi za nitrojeni kwa wingi, ziwe za moto wa pori, za injini au za udongo mkavu uliolowa kwa mvua ya kwanza, mwisho wake ni ozoni, gesi inayochoma mapafu na kudhoofisha mazao. Zikiwa haba, huzaliwa viambato vingine, na baadhi yake hugeuka chembechembe za utusitusi. Njia zote mbili huacha formaldehidi, na ndiyo inayosomwa na chombo cha setilaiti kiitwacho OMI, kilichorushwa mwaka 2004, kinapopita juu ya Afrika ya Kati. Jani ni lilelile; madhara yanategemea linachokutana nacho hewani. Sasa uchafu wa jani uko wapi?

Neno lipo: fukizo, wingi mafukizo.

Shina lake ni fuka. Tanuru ya makala, kama mkaa unavyoitwa Lualaba, hufuka siku kadhaa. Magogo yamefunikwa udongo, moto hauonekani, ila uzi mwembamba wa moshi hupenya kwenye nyufa. Humo mna maana ya kutoka polepole na bila kelele, kutoka ndani kwenda hewani. Ongeza kiambishi cha kusababisha upate fukiza: ubani hufukizwa, nguo hufukizwa udi, mgonjwa hufukizwa majani. Mwaka 2020, wakati wa korona, kitenzi kujifukiza kilivuma Tanzania nzima, na Rais John Magufuli akakinadi hadharani. Maliza kwa irabu o, kama tangaza ilivyozaa tangazo na pendekeza ikazaa pendekezo. Kemia nayo inaliunga mkono. Ubani una alfa-pineni, jamaa wa monoterpeni, kundi lilelile ambalo miti mingi huliachia hewani. Fikicha jani la mkaratusi kiganjani, harufu inayopanda puani ni mafukizo yenyewe. Kiswahili kilikuwa kinayataja haya karne nyingi kabla ya maabara.

Wapinzani wana maneno yao. "Pumzi ya mimea" huchanganya isopreni na upumuaji, unaotoa kaboni dioksidi. "Uvukizi" umeshachukuliwa na maji. "Emisio" ndiyo mbaya kuliko zote kwa Kolwezi: huko emisio ni kipindi cha redio, na mwanafunzi atauliza kinarushwa saa ngapi. Mwandishi alipopeleka fukizo mbele ya jopo moja alijibiwa kwamba neno hilo ni la kanisani na la waganga. Jibu hilo lilimuudhi, na linamuudhi hadi leo. Neno linaloeleweka kanisani, kwa mganga na jikoni lina watumiaji tayari. Kifungu cha jopo hakina hata mmoja nje ya ripoti.

Fukizo linatosha hata baharini. Mimea midogo inayoelea majini, kuanzia Lobito, Angola, hadi Zanzibar, nayo hutoa isopreni. Ni kidogo sana kuliko ya misitu, lakini mbali na nchi kavu hicho kidogo kina uzito katika kemia ya hewa. "Mafukizo ya bahari" husemeka. Pendekezo lingine, "jasho la majani", halifiki huko.

Matumizi ni mepesi: mmea hufukiza isopreni, mafukizo ya msitu hupimwa, kasi ya kufukiza isopreni hupanda kwa joto, na kufukiza huko hukoma gizani.

Walimu wa Kisenge, Kolwezi na Dilolo wasisubiri muhuri wa mtu. Waliandike ubaoni kesho, na "hewa chafu" waiachie bomba la lori.