Jiwe la Bilauri na Siri ya Mikono Miwili

Waandishi wengi wa ilimu ya maumbile, wakitaka kueleza habari ya vitu vyenye umbo la kuume na la kushoto, huanzia mwaka 1848, pale Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 mjini Paris, alipozichambua kwa mkono punje za chumvi ya asidi ya tartari, za kuume akaziweka mbali na za kushoto akaziweka mbali. Sina nia ya kumpunguzia heshima yake. Walakini insafu yataka tuseme kwamba njia ile ilikuwa imekwisha kufyekwa, kabla yeye hajazaliwa, na watu walioshughulika na jiwe la bilauri, yaani kwatsi safi ing'aayo.

Wa kwanza alikuwa padri Mfaransa, René Just Haüy, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1801 alieleza kuwa baadhi ya fuwele za jiwe hilo zina vijiuso vidogo vilivyoinama upande, katika nyingine vikielekea kuume na katika nyingine kushoto, hata fuwele moja ikawa kama sura ya mwenziwe katika kioo, wala hapana namna ya kuigeuza ikalingana nayo. Mwaka 1811 François Arago akapitisha katika kipande cha jiwe hilo nuru iliyochujwa hata mitetemo yake ikabaki katika uelekeo mmoja, akaona ule uelekeo umepindwa. Jean-Baptiste Biot, mtu mwenye subira ya ajabu, akathibitisha kwamba kadiri kipande kinavyozidi unene ndivyo nuru inavyozidi kupindwa (kwa nuru ya manjano ya sodiamu ni kiasi cha digrii 22 kwa kila milimita), na kwamba yako mawe yapindayo kuume na mengine kushoto. Hapo palikuwa na dalili mbili, ya uso na ya nuru, na hakuna aliyeziunganisha mpaka mwaka 1820, John Herschel, Mwingereza ajulikanaye zaidi kwa elimu ya nyota, alipoonyesha ya kuwa upande wa vijiuso hutabiri upande wa nuru. Kwangu mimi, hilo ndilo tendo kubwa kupita yote katika habari hii, kwa kuwa lilifunga jambo la dhahiri na jambo la batini kwa fundo moja.

Lakini batini yenyewe ilikuwa nini? Augustin Fresnel, katika miaka ya 1820, alidhani kuwa chembe za jiwe hilo zimepangwa kwa hesi, nayo dhana yake ilikuwa sahihi ingawa hakuwa na chombo cha kuihakikisha. Leo twajua kwamba kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na vifungu hivyo, vikishikana pembe kwa pembe, hupanda vikizunguka mhimili mkuu wa fuwele kama uzi wa parafujo, ambao hata ukiipindua parafujo juu chini haubadili upande wake. Silikoni na oksijeni zenyewe hazina mkono wowote, wa kuume wala wa kushoto. Mkono umo katika mpango, na ndiyo maana jiwe likiyeyushwa na kuwa kioo hupoteza uwezo wake wa kupinda nuru, ilhali sukari huendelea kuipinda hata ndani ya maji, kwa kuwa mkono wake umo katika molekuli.

Kwamba mpango peke yake watosha kuipinda nuru kulidhihirika mwaka 1869, pale mwanafizikia Reusch alipopanga vipande vyembamba vya ulanga, kila kimoja kikigeuzwa kidogo juu ya mwenziwe, na rundo lile likapinda nuru. Kisha wakaja wanahisabati: Sohncke, mwaka 1879, akahesabu mipango 65 ya chembe katika fuwele isiyo na ulinganifu wa kioo, na kufika mwaka 1891 Fedorov na Schoenflies, kila mtu kwa njia yake, wakakamilisha hesabu ya mipango yote, nayo ni 230. Panapokuwa na ulinganifu wa kioo, kila hesi ya kuume hujibiwa na ya kushoto iliyo sawa nayo, na mara nyingi athari zao kwa nuru hubatilishana.

Mwaka 1925 William Bragg na Gibbs walizifumbua hesi za kwatsi kwa miali ya eksirei, lakini miali hiyo, ikitumiwa kwa njia ya kawaida, haitofautishi fuwele na sura yake ya kioo. Bijvoet na wenzake huko Utrecht walikivuka kizuizi hicho mwaka 1951 kwa chumvi ya tartari, wakakuta kwamba mwanakemia Emil Fischer, aliyekuwa amechagua upande wa molekuli kwa kubahatisha tu, alikuwa amebahatisha sawa. Jiwe la bilauri lenyewe lilingoja hadi 1958, ndipo de Vries alipotangaza upande halisi wa hesi zake, miaka 157 baada ya kitabu cha Haüy.