Udhibiti wa mbwa kwa mbegu

Geti nyingi za Nairobi zina kibao cha maneno mawili: "Mbwa Kali". Mwalimu wa sarufi angedai "mbwa mkali", ila mwizi huelewa vilevile. Kibao hicho kinataja tabia ya mnyama, asili yake hakiigusi. Kuna sheria za nchi nyingine zinazofanya kinyume: humpiga mbwa marufuku kwa uzao wake, hata kama hajawahi kumbwekea mtu.

Kwa Kiingereza huitwa "breed-specific legislation". Tuiiteje? "Spishi" haifai, kwa kuwa mbwa wote ni spishi moja. "Aina" ni pana mno. "Kosaafu" ya wafugaji wa Tanzania humwacha nje chotara. Mfugaji wetu husema "ng'ombe wa mbegu nzuri", basi neno ni mbegu. Hata hivyo, ukiandika "sheria ya mbegu" msomaji ataenda moja kwa moja kwenye mahindi na KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya. Ndiyo maana napendekeza "udhibiti wa mbwa kwa mbegu", na mwenzake "udhibiti kwa matendo".

Mfano mashuhuri ni Sheria ya Mbwa Hatari ya Uingereza ya 1991, iliyokataza pit bull, tosa wa Japani, dogo argentino na fila brasileiro. XL Bully aliongezwa baadaye; tangu tarehe 1 Februari 2024, kumfuga England na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa. Wengine wamerudi nyuma: Uholanzi ilifuta marufuku yake mwaka 2008, na wapigakura wa Denver, Marekani, wakaondoa ya kwao, ya mwaka 1989, mnamo 2020.

Ugumu uko kwenye kumtambua mbwa. Sheria ya Uingereza hutazama umbo, haiulizi cheti cha kuzaliwa. Sasa njoo soko la Muthurwa, Nairobi, jioni, wauza vitunguu wakifunika mali kwa maturubai. Chini ya meza amelala mbwa koko mwenye kichwa kipana, kifua cha jamani shefadi na mkia usiojulikana ulikotoka. Mama yake anajulikana soko zima. Baba, Mungu ndiye ajuaye. Askari wa kaunti angempima kwa futi ipi?

Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakimsumbui kwa hilo. Humshika mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake, bila kutaja mbegu yoyote. Nairobi nayo ilitunga sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015. Kwa mji wa machotara, naona huu wa matendo ndio mkondo unaofaa.

Enyi wahariri, mbwa akimuuma mtoto, msikimbilie kuandika mbegu yake kwenye kichwa cha habari. Ulizeni kwanza alikuwa wa nani, nani alimfungulia, na kama alichanjwa kichaa.